Kufika juu ya Maporomoko ya Murchison kwa gari: saa, barabara, mbung'o na utelezi

Maporomoko ya Murchison, yaliyo ndani ya hifadhi ya taifa kaskazini-magharibi mwa Uganda, yanafikika kwa urahisi kuliko watu wengi wanavyodhani. Unaendesha gari hadi kwenye maegesho, unashuka, unatembea dakika chache, na Mto Nile huo hapo chini ya miguu yako, unajibana kwenye ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi kabla ya kuporomoka mita 43. Wanaorudi wamenuna kwa kawaida hawakushindwa na njia, walishindwa na saa. Walifika saa sita mchana jua likiwa utosini, mbung'o wakawakimbiza baada ya dakika kumi, kisha wakakumbuka kwamba tiketi yao ya boti ya kuyaona maporomoko kutoka chini ni ya saa nane na boti iko mwendo wa saa nzima kutoka pale.

Kwa hiyo mengi yaliyoandikwa hapa ni kuhusu mpangilio wa siku. Maporomoko yenyewe hayaondoki.

Unachokwenda kuona

Mto huu ni Nile ya Victoria, unaotoka Ziwa Victoria, unapitia Ziwa Kyoga, halafu unaelekea magharibi hadi Ziwa Albert. Kwa kuwa unalishwa na maziwa makubwa badala ya mvua ya milima ya karibu, maji hayakauki kiangazi. Takribani mita za ujazo 300 hupita kila sekunde, na miaka ambayo Ziwa Victoria limejaa hupita zaidi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, kwa hiyo usishangae ardhi ikitetemeka chini ya viatu vyako. Usipoteze muda kutafuta "mwezi wa maji mengi" kama unavyofanya kwa maporomoko mengine. Chagua mwezi kwa kuangalia barabara: Desemba hadi Februari, au Juni na Julai, ndipo njia inapokuwa kavu.

Ukifika utaona maporomoko mawili. La kusini, lile la ufa mwembamba, ndilo mvumbuzi Mwingereza Samuel Baker na mkewe Florence walilolifikia mwaka 1864 na Baker akalipa jina la Roderick Murchison, mwanajiolojia wa Uingereza. Enzi za Idi Amin liliitwa Kabalega, kwa jina la Omukama, yaani mfalme, wa Bunyoro. La kaskazini, pana na lenye vichaka katikati, ni jipya: mafuriko makubwa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliufanya mto utafute njia ya pili, na kwa kuwa Uganda ilipata uhuru mwaka 1962, likaitwa Uhuru. Mafuriko hayohayo yalisomba daraja la waenda kwa miguu lililokuwa limevuka ufa. Mto ulioweza kubadilisha njia yake namna hiyo unastahili heshima yako, na hilo tutalirudia tukifika ukingoni.

Hakikisha uko upande sahihi wa mto

Maegesho ya juu ya maporomoko yako ukingo wa kusini. Hili ndilo kosa la kwanza la wanaoendesha wenyewe. Wanyama wengi wa nyika, twiga na simba wakiwemo, wako kaskazini, kwa hiyo watu hukodi malazi kaskazini, halafu asubuhi wanashangaa ramani ya simu inapowazungusha. Mahali pa kuvukia mto ni Paraa, ndani ya hifadhi. Zamani ilibidi kusubiri feri na ratiba yake, lakini siku hizi kuna daraja, ila bado kutoka Paraa hadi juu ya maporomoko unahitaji kama saa nzima ya kuendesha kwa mwendo wa hifadhini. Ikiwa nia yako kuu ni maporomoko, lala kusini, au Masindi.

Kutoka Kampala shika barabara ya Gulu, vuka Mto Kafu, kisha kata kushoto kwenda Masindi. Jaza mafuta Masindi na utoe pesa hapohapo, maana ndio mji wa mwisho wa kutegemea. Kutoka Masindi ingia kwa lango la Kichumbanyobo. Masindi hadi Paraa ni kilomita 85 hivi, na njia ya kwenda juu ya maporomoko inachepuka kabla ya Paraa, eneo la Sambiya, ambako kuna kibao. Usiende Karuma ukidhani ni mkato. Barabara ya Karuma inakuingiza upande wa kaskazini. Mto pale Karuma nao una maporomoko yanayoonekana kutoka barabarani, lakini kusimama darajani kupiga picha kutakuletea maneno na askari. Na nyani walio kando ya barabara hiyo wameshafundishwa na wasafiri kuomba chakula, kwa hiyo usiwape hata ganda la ndizi.

Saa 24 za tiketi, na jinsi ya kuzitumia

Kiingilio cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, huhesabiwa kwa saa 24 tangu ulipoingia langoni. Hakihesabiwi kwa tarehe. Hapa ndipo mpango mzima unapojengwa.

Mtu akiingia saa moja asubuhi ili "apate siku nzima", atalazimika kutoka kabla ya saa moja asubuhi ya kesho yake, au alipe tena. Asubuhi ya pili, ambayo ndiyo nzuri kuliko zote pale juu, anaipoteza langoni. Fanya kinyume. Ingia kati ya saa tano na saa tano na nusu asubuhi. Nenda moja kwa moja Paraa, panda boti ya alasiri, lala ndani ya hifadhi upande wa kusini. Kesho yake alfajiri nenda juu ya maporomoko, ukae huko hadi saa nne kasoro, kisha anza safari ya kutoka ili upite langoni kabla saa 24 hazijaisha. Umeona maporomoko kutoka chini jioni na kutoka juu asubuhi, kwa kiingilio kimoja.

Viwango hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki, wageni wakazi na wageni wasio wakazi, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa au pasipoti. Maneno matupu kwamba wewe ni Mkenya au Mtanzania hayatoshi. Gari hulipiwa kando, na lenye namba za nje ya Uganda lina kiwango chake, ambacho kinaweza kuuma. Uliza kabla ya safari, usisubiri kuambiwa langoni. Usitegemee kulipa taslimu: weka pesa kwenye simu au uwe na kadi, na uwe umehakikisha laini yako inafanya miamala nchini Uganda. Risiti itunze mahali pa kufikika, kwa sababu utaulizwa tena boti na huenda ukaulizwa tena ukiwa unatoka.

Jambo dogo linalowaponza wazungumzaji wa Kiswahili: tiketi na mabango huandikwa saa za kizungu. Boti ya "2 pm" ni saa nane mchana. Inachekesha mpaka pale familia inapokuja gatini saa mbili asubuhi.

Barabara ya kuchepuka

Uchimbaji wa mafuta wa Bonde la Albert umeleta lami hadi ndani ya hifadhi, kwa hiyo barabara kuu ni laini kiasi cha kukutia kishawishi. Kikomo ni kilomita 40 kwa saa, na nyani, ngiri na kobi (aina ya swala) huvuka bila kupiga honi. Ukishachepuka kuelekea maporomoko, ni udongo mwekundu wa changarawe. Gari dogo hupita wakati wa kiangazi ikiwa dereva ana subira. Baada ya mvua kubwa udongo ule huwa kama sabuni, na mifereji inayokatiza njia hugusa tumbo la gari lililo chini. Hapo unataka gari lenye uvutaji wa magurudumu manne.

Ukiteleza usikanyage breki. Toa mguu kwenye mafuta, elekeza usukani taratibu unakotaka gari liende, acha lipungue lenyewe. Na usisogee pembeni kabisa kumpisha mwenzako: kingo za barabara ndizo laini kuliko katikati, na ndiko magari yanakokwama. Simama mahali pagumu, yeye apite.

Mbung'o

Wengine huwaita ndorobo. Kwenye njia ya maporomoko ni wengi, na hakuna jambo linalofupisha ziara kama hao. Wengi huvutwa na kitu kikubwa cheusi kinachotembea, yaani gari lako. Utawaona wakilifuata, wakitua kwenye vioo, wakitafuta upenyo.

Mtazame mmoja akitua kwenye kioo kwa ndani. Nzi wa kawaida huacha mbawa zikiwa zimetengana kidogo. Mbung'o hulaza bawa moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa, na mrija wake wa kunyonyea hutokeza mbele ya kichwa. Mwili wake ni mgumu na bapa. Ukimpiga kofi anaanguka, anatulia kidogo, anaruka tena akiwa mzima. Mbane kwa kitambaa kwenye kioo na ubonyeze hadi usikie kitu kinavunjika.

Kinga yenyewe huanza na nguo. Rangi ya buluu na nyeusi huwavuta kweli, ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukiona vitambaa hivyo vimetundikwa kando ya njia, usivishike. Jinzi ya buluu, ambayo kila msafiri anayo, ndiyo nguo mbaya kuliko zote. Vaa kaki, kijivu chepesi au kijani kilichofifia, mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo, kwa sababu wanauma kupitia kitambaa chembamba kinachobana ngozi. Ila usivae nguo ya madoadoa ya kijeshi: nchini Uganda raia haruhusiwi kuivaa, hata kama uliinunua mtumbani. Dawa za kupaka za kufukuza mbu husaidia kidogo tu kwa hawa, kwa hiyo usizitegemee peke yake.

Funga vioo vyote kuanzia unapochepuka, washa kiyoyozi. Gari halina kiyoyozi? Basi ondoka mapema, maana joto likipanda nao huchangamka. Ukifika kwenye maegesho, kaa ndani dakika mbili tatu. Wengi waliokuwa wakifuata mwendo wa gari hupungua likisimama. Kisha shukeni wote kwa pamoja, milango ifungwe mara moja. Kufungua mlango mara tano kwa sababu mtoto amesahau kofia ni kuwakaribisha mle ndani kwa safari ya kurudi.

Kuumwa mara chache hakumaanishi umepata malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, lakini homa, uvimbe mchungu mahali ulipoumwa, au uchovu usioelezeka katika wiki zinazofuata ni sababu ya kwenda hospitali na kumwambia daktari waziwazi kwamba uliumwa na mbung'o Uganda. Asipoambiwa, atapima malaria na kuishia hapo. Malaria nayo ipo, kwa hiyo panga dawa ya kinga kabla ya safari.

Pale ukingoni

Kwenye maegesho funga vioo kabisa, nyani wanazifahamu gari zenye chakula. Kisha fuata mlio. Njia ya kwanza inakushusha hadi karibu kabisa na mdomo wa ufa. Nyingine inakwenda kwenye sehemu za kutazamia, ambako Uhuru nalo linaonekana. Anza na mdomo wa ufa wakati bado mna nguvu na pale kwenye manyunyu hakuna watu wengi.

Angalia chini unapotembea. Ardhi inang'aa kama imemwagiwa vipande vya kioo: ni ulanga, madini ya vipande vyembamba vinavyong'aa, umo kwenye mwamba na kwenye mchanga. Unapendeza jua likiupiga, lakini hutelezesha ukiwa mkavu na hutelezesha zaidi ukilowa. Mahali ambapo manyunyu hufika kila siku mwamba una utando mwembamba wa kijani, mara nyingi usioonekana. Jaribu kwa ncha ya kiatu kabla ya kuweka uzito wote. Kandambili na viatu vya soli bapa viache garini, vaa raba zenye meno. Mtoto mshike kifundo cha mkono, si vidole, wala si shati. Vyuma vya kuzuia watu vipo, na nje yake hakuna picha yoyote iliyo bora kuliko ile ya ndani. Anayeanguka kwenye ufa ule haokolewi.

Baada ya kupiga picha ya kwanza, weka simu mfukoni na uangalie juu ya mto, upande maji yanakotoka. Subiri gogo au fungu la majani linaloelea. Litakuja polepole, kama halina haraka. Likikaribia mwamba linanyooka, linageuka mbele nyuma, halafu ghafla halipo. Maji yale yale yaliyokuwa yametanda kwenye mto mpana yanalazimika kupita kwenye uwazi wa mita chache, na kwa kuwa hayawezi kubanwa yakawa machache, yanaongeza kasi. Weupe wake ni hewa iliyovurugwa ndani. Na povu jeupe utakaloliona likielea kilomita nyingi chini ya mto si sabuni ya kiwanda. Ni mabaki ya mimea yaliyoyeyuka majini, yakapigwapigwa na maporomoko kama yai kwenye bakuli.

Upinde wa mvua na picha

Upinde huonekana ukiwa na jua mgongoni na manyunyu mbele, kwenye pembe ya nyuzi 42 kutoka kwenye kivuli cha kichwa chako. Mto hapa unaelekea magharibi. Ukisimama juu asubuhi, jua la mashariki liko nyuma yako na manyunyu ya korongo yako mbele na chini. Saa mbili hadi saa nne ndio muda wake. Kwa kuwa unaangalia kushuka korongoni, unaweza kuuona hata jua likiwa limeshapanda zaidi ya vile ungeuona ukiwa uwandani. Tafuta kivuli cha kichwa chako kwanza, kisha pandisha macho taratibu. Mchana huna bahati hiyo, na maji hutoka kwenye picha kama doa jeupe lisilo na sura.

Kwa simu: gusa na ushikilie sehemu nyeupe kabisa ya maji hadi mwanga ufungwe, kisha shusha mwanga kidogo. Mwamba utaonekana mweusi mno, lakini huo unaweza kuung'arisha baadaye. Weupe uliopotea haurudi. Kwa kamera, wengi huja na kichujio cheusi wakitaka maji yawe kama hariri kwa sekunde nzima. Kwa maji yenye kasi hii sekunde nzima huua nguvu yote. Moja ya kumi na tano ya sekunde inatosha kuonyesha mwendo, na moja ya elfu inaonyesha matone yakiwa hewani. Piga zote mbili.

Manyunyu hutua kwenye lenzi bila wewe kujua. Beba vitambaa viwili, kimoja cha kulowa na kimoja kikavu ndani ya mfuko, na geuza kamera chini kati ya picha na picha. Droni iache nyumbani kama huna ruhusa ya UWA na ya mamlaka ya anga.

Kuunganisha boti na kupanda kwa miguu

Boti hutoka Paraa na kupanda mto kilomita 17 hadi chini ya maporomoko. Safari nzima huchukua kama saa tatu, sehemu kubwa ikiwa ya kwenda, kwa sababu inashindana na mkondo na inasimama kwa viboko, mamba na tembo. Haifiki mguuni pa maporomoko. Husimama mita mia kadhaa kabla, kwa sababu maji yale hayaendesheki. Alasiri jua hupiga uso wa maporomoko, kwa hiyo boti ya saa nane ndiyo ya kuchagua kwa picha.

Unaweza kushukia hapo na kupanda kwa miguu hadi juu. Ni kilomita moja na nusu hivi, dakika 45 hadi saa nzima, njia ya mwinuko yenye ngazi za udongo na joto lisilo na upepo. Unahitaji mwongoza wageni wa UWA, na hulipiwa kando: agiza palepale Paraa unapokata tiketi ya boti, maana ukifika chini ya maporomoko bila kuagiza hakuna wa kukupokea. Kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji.

Sasa swali ambalo watu hulikumbuka wakiwa tayari juu: gari liko wapi? Ukiwa na dereva, mwambie aondoke Paraa saa tisa, akusubiri kwenye maegesho ya juu. Ukiwa peke yako, gari limebaki Paraa na boti imeshageuza. Katika hali hiyo rudi na boti, na kesho yake asubuhi nenda juu kwa gari, ushuke njia hiyohiyo na mwongoza wageni kadiri unavyotaka, kisha upande tena. Ni ngumu zaidi kwa magoti, lakini gari utalikuta ulipoliacha.

Wanaopanda kutoka boti ya saa nane hufika juu karibu saa kumi na moja jioni. Hairuhusiwi kuendesha ndani ya hifadhi baada ya saa moja usiku, na giza la hapa huingia haraka. Saa kumi na mbili kasoro robo muwe garini, taa zikiwa zimejaribiwa, vioo vimefungwa, na mmoja wenu akiwa na kitambaa mkononi kwa ajili ya mbung'o wawili watatu ambao bila shaka wameingia nanyi.